Habili Alisikilizwa, na Kaini Naye

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu hapa Liparamba alinisubiri kando ya kanisa mpaka watu walipomaliza kusalimiana na kuondoka. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwanawe aliyeko gerezani, aliyehukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kuua. Habari hii naisimulia bila majina, nikiwa nimebadilisha mambo madogo, ili watu wake wasisumbuliwe.

Mama yule aliniambia, "Baba Mchungaji, mwanangu hakatai kwamba mkono wake ndio ulioua. Anachosema ni kwamba alipoonekana ana hatia, jaji alimwambia sheria ina adhabu moja tu. Hakuna aliyemuuliza kama ana neno. Nasikia Arusha kuna mahakama inayowasikiliza wafungwa. Je, mtu anayekubali kosa lake anaweza kuipinga adhabu yake? Au hiyo ni kukosa toba?"

Swali lake la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Tena, tulipokuwa tukizungumza, mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesimama chini ya mwembe akitutazama. Aliyeuawa alikuwa mtoto wa kaka yake. Nitamrudia mzee huyo mwishoni, kwa maana bila yeye ningeliandika nusu tu ya jambo hili.

Wapendwa katika Bwana, ili kumjibu mama yule ilinibidi nisome historia. Naomba tuipitie pamoja, kwa sababu ni historia yetu.

Kamba ya Songea

Kutoka kwetu, ukipita Mbinga, unafika Songea. Katika mji huo, eneo la Mahenge, ipo Makumbusho ya Majimaji. Wengi wenu mmefika pale, hasa mwezi Februari wakati wa kumbukumbu ya mashujaa. Tarehe 27 Februari 1906, utawala wa Wajerumani uliwanyonga kwa siku moja viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule unabeba jina lake, naye alinyongwa. Waliowahukumu ndio waliokuwa wamepigana nao vitani.

Wazee husimulia pia kwamba wengi wa watu wale walibatizwa na mmisionari Mkatoliki kabla ya kuuawa. Ubatizo ule siudharau hata kidogo. Maji na Neno la Mungu havipungui nguvu kwa kuwa mtu yuko kwenye mlango wa mauti. Yule mnyang'anyi msalabani ni shahidi wetu. Lakini kila ninapopita pale najifunza jambo moja: mtu anaweza kuandaliwa kufa vizuri bila ya yeyote kuuliza kama amehukumiwa vizuri. Kanisa likifanya la kwanza tu, limeacha la pili.

Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja na Kanuni ya Adhabu, nasi baada ya Uhuru tukairithi. Kifungu chake cha 197 kinasema mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, atahukumiwa kifo. Sheria inawaachia nafasi wachache, kama mwanamke mjamzito na mtu aliyekuwa chini ya miaka 18. Kwa wengine wote, jaji hana pa kugeukia. Mwizi wa ng'ombe akipatikana na hatia huulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Anaweza kusema ana watoto wadogo, au ni kosa lake la kwanza, na hakimu akapima. Aliyeua naye anaweza kusema, lakini maneno yake hayawezi kubadilisha chochote. Aliyepanga kuua kwa miezi mingi na aliyeua katika ugomvi wa usiku mmoja, wote wawili, maadamu wamehesabiwa kuwa walikusudia, wanapewa kamba ile ile.

Jaji wa Dodoma

Mwaka 1984 Katiba yetu iliongezewa haki za binadamu, na kuanzia 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Miaka michache baadaye, wanaume wawili walishtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu, Dodoma. Wanasheria huiita kesi hiyo kwa jina la Mbushuu, mmoja wa washtakiwa. Aliyeisikiliza ni Jaji James Mwalusanya.

Jaji aliwatia hatiani. Hilo tulikumbuke: hakusema hawakuua. Lakini kabla ya kutamka adhabu, alisimama na kutaka hoja zitolewe, je, adhabu yenyewe inapatana na Katiba? Mwezi Juni 1994 alitoa uamuzi kwamba haipatani. Katiba inalinda uhai, na inakataza adhabu ya kikatili na yenye kumdhalilisha mtu. Alieleza mateso ya kitanzi, na hatari ya kumnyonga asiye na hatia, kosa ambalo halirekebishiki. Akawapa kifungo cha maisha.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ambayo kila Mkristo wa nchi hii angefaa kuifahamu. Majaji walikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha utu. Hata hivyo walisema Katiba yenyewe, katika Ibara ya 30, inaruhusu sheria kupunguza haki kwa manufaa ya umma, hivyo adhabu hiyo si batili. Na kama adhabu hiyo inahitajika au haihitajiki, walisema, hilo ni la jamii kuamua.

Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu ya kifo katika nchi hiyo, na katika hukumu yake ndefu iliijadili kesi hiyo ya kwetu. Maneno yaliyosemwa Dodoma na Dar es Salaam yalisomwa mbali. Hapa nyumbani kifungu kilibaki. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na Septemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hatasaini kuuawa kwa mtu. Lakini majaji waliendelea kutamka adhabu ile kwa sababu sheria haikuwapa nyingine, na waliohukumiwa waliendelea kuishi mwaka baada ya mwaka wakisikiliza hatua za askari mlangoni.

Ng'ambo ya ziwa

Sisi wa huku tunalifahamu Ziwa Nyasa. Ukishuka Mbamba Bay na kutazama machweo, ng'ambo ni Malawi. Kule nako Waingereza waliacha sheria kama ile ile. Tarehe 27 Aprili 2007, katika kesi ya Kafantayeni na wenzake, Mahakama Kuu ya Malawi iliamua kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima ni kinyume cha Katiba yao. Haikukifuta kifo chenyewe. Ilifuta ulazima wake. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba hata wale waliohukumiwa zamani wana haki ya kusikilizwa upya juu ya adhabu.

Usikilizwaji huo ulianza mwaka 2015, na namna ulivyofanyika inanigusa mimi kama mchungaji wa kijijini. Mawakili na wasaidizi wa kisheria waliondoka mjini wakaenda vijijini. Waliwauliza ndugu, majirani na machifu: mtu huyu alikuwa nani? Alilelewaje? Alikuwa na ugonjwa wa akili? Akirudi, mtampokea? Wengi wa wafungwa hao walikuwa wamekaa gerezani miaka mingi. Baada ya mahakama kuyapima hayo, wafungwa zaidi ya 100 waliachiliwa, kwa kuwa ilionekana muda waliokwisha kutumikia umetosha. Wengine walipewa miaka zaidi.

Uganda nayo ilipita njia hiyo. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, alifungua shauri pamoja na wafungwa wenzake 417. Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2005, kisha Mahakama ya Juu tarehe 21 Januari 2009, zilisema kifo hakiwezi kuwa adhabu ya lazima. Tena zilisema kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa yake ya mwisho ni ukatili, na adhabu hiyo igeuke kuwa kifungo cha maisha. Kigula alisikilizwa upya akapewa miaka 20. Alisoma sheria akiwa gerezani, akatoka Januari 2016. Kenya ilifuata tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu.

Ndipo nafika kwenye mahakama ambayo mama yule aliisikia.

Mlango wa Arusha

Nilisoma theolojia Makumira, mwendo mfupi tu kutoka Arusha. Wakati huo sikutambua uzito wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyokuwa imeweka makao yake katika mji ule. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kukubali kwamba mwananchi mmoja mmoja, akishamaliza ngazi za mahakama za nyumbani, aweze kupeleka lalamiko lake pale. Waliougonga mlango huo kwa wingi walikuwa wafungwa wa Tanzania.

Mwaka 2015 wanaume watano waliohukumiwa kifo, Ally Rajabu na wenzake, walipeleka ombi lao. Mahakama Kuu ilikuwa imewatia hatiani kwa mauaji mwaka 2011, na Mahakama ya Rufani ilikuwa imeitupa rufaa yao mwaka 2013. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ilisema kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima inavunja haki ya uhai iliyo katika Mkataba wa Afrika, na kwamba kunyonga kunadhalilisha utu. Haikuamuru watu hao waachiliwe. Iliamuru sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja, na kesi yao isikilizwe upya juu ya adhabu.

Lakini siku chache tu kabla ya hukumu hiyo, Serikali yetu ilikuwa imewasilisha barua ya kuliondoa lile tamko la mwaka 2010. Uondoaji huo ulianza kufanya kazi Novemba 2020. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea, lakini mwananchi mmoja mmoja hakuweza tena kupeleka shauri jipya pale.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu chungu kwa mama yule. Njia ya Arusha aliyoisikia haikuwa wazi tena kwa mwanawe. Zilizobaki ni rufaa Mahakama ya Rufani, au kuiomba iitazame tena hukumu yake kwa sababu chache zilizowekwa, au huruma ya Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Bado zipo sauti za kutaka sheria ibadilike. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza adhabu ya kifo isiwe adhabu pekee kwa kosa la kuua.

Swali la toba

Sasa nirudi kwenye swali: je, kuipinga adhabu ni kukosa toba?

Sisi Walutheri tunaungama katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, kwamba serikali ni mpango mwema wa Mungu na inaweza kuwaadhibu waovu. Sitawaficha: Mababa wetu waliujumuisha na upanga. Basi sisemi kwamba kila anayeitetea adhabu ya kifo ameiacha imani. Lakini yule tunayemwita mtumishi wa Mungu, yaani mtawala, anapaswa kuhukumu kama ambavyo Mungu mwenyewe amekuwa akihukumu. Na Mungu amehukumuje?

Fungueni Mwanzo sura ya 4. Kaini amemuua ndugu yake. Mungu, ambaye hakuhitaji shahidi, anamuuliza kwanza yuko wapi ndugu yake, kisha amefanya nini. Anatamka adhabu. Ndipo katika mstari wa 13 Kaini anasema adhabu hiyo ni kubwa kuliko awezavyo kuichukua. Tazameni vizuri: hakani tena kuua. Analalamikia uzito wa adhabu. Hilo ni shauri la kwanza la kupinga adhabu katika Biblia nzima, na aliyelileta ni muuaji wa kwanza. Mungu hakumwambia anyamaze kwa kuwa hastahili kusema. Alimsikiliza, akamtia alama ili yeyote atakayemwona asimuue. Adhabu haikufutwa, Kaini aliondoka akatangatanga. Lakini iliwekewa mpaka, na mpaka huo ulikuwa uhai wake.

Paulo naye, katika Matendo 25:11, mbele ya Festo, alisema kama ametenda linalostahili kifo hakatai kufa, na papo hapo akakata rufaa kwa Kaisari. Kuwa tayari kubeba kosa na kudai kusikilizwa vilikaa katika kinywa kimoja bila kugombana.

Kwa hiyo nilimwambia mama, "Mwanao anaweza kuungama yote mbele za Mungu na bado akaomba mbele ya mahakama asikilizwe juu ya adhabu. Anayesema 'Nimeua, nipimeni' hajikingi na ukweli. Ameusimamia."

Mzee chini ya mwembe

Ningependa kuishia hapo, lakini ukweli haunipi ruhusa. Wiki ile ile mzee yule alikuja nyumbani kwangu jioni. Tulimpa kiti, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, sikuja kuzuia mtu kuombewa. Lakini tangu mwaka jana kila Jumapili unawaombea wafungwa, nasi sote tunajua unamwombea nani. Mtoto wetu hujamtaja hata mara moja. Amezikwa pale makaburini, ukipita unaliona kaburi lake. Je, yeye amesikilizwa na nani?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Nilikuwa nimeisoma Mwanzo 4 mara nyingi nikaruka mstari wa 10. Kabla Mungu hajasikiliza lalamiko la Kaini, alikwisha kusikia damu ya Habili ikimlilia kutoka ardhini. Habili alisikilizwa kwanza. Mimi nilikuwa nimeanzia katikati ya hadithi. Nilimwomba mzee msamaha palepale, na Jumapili iliyofuata niliuomba mbele ya usharika, bila kueleza mambo ya familia yao.

Tangu siku hiyo tunapoomba, tunalitaja kwanza jina la marehemu, kisha mjane wake na watoto wake, kisha yule aliyeko gerezani na mama yake. Mwanzoni baadhi ya watu waliinua macho. Mzee hakuinua. Wakati wa mavuno, akina mama wa usharika walipeleka mahindi kwa mjane, kama ilivyopasa tufanye tangu siku ya msiba. Mama wa mfungwa hakukubali kuachwa nje. Alileta debe lake, akaliweka pamoja na mengine bila kusema ni la nani.

Mzee na mama hawajapatana. Nisiwadanganye. Wanakaa pande mbili za kanisa, na kwenye meza ya Bwana mmoja husubiri mwingine arudi kukaa ndipo aje. Lakini nilipomsaidia mama kutafuta msaidizi wa kisheria, mzee alisikia, akaniambia maneno haya: "Wamsikilize. Na wakimsikiliza, waje na huku watuulize sisi." Nilikumbuka machifu na ndugu wa ng'ambo ya ziwa walioulizwa. Mzee wetu hajawahi kusoma hukumu yoyote, lakini alikuwa ameeleza kwa sentensi mbili kile ambacho sheria ya adhabu moja inakizima. Inamfunga mdomo jaji, inamfunga mdomo mwenye kosa, na inamfunga mdomo hata aliyefiwa, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuulizwa kitu pale ambapo jibu limekwisha kuandikwa.

Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1995 kwamba jambo hili ni la jamii kuamua. Jamii hiyo ni pamoja na sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya Liparamba, Mbinga na Mbamba Bay, Walutheri wachache na jirani zetu Wakatoliki na Waanglikana walio wengi. Kama mtu atatuuliza, tuwe tumekwisha kufikiri. Na kabla ya kuulizwa, kila usharika ujikague: ni nani kati yetu aliyefiwa ambaye hatujamsikiliza, na ni nani aliyekosa ambaye tumekwisha kumnyamazisha?

Barua ya mwisho ya kijana yule ilifika kabla ya Kwaresima. Ameandika kwamba ameambiwa jina la marehemu linatajwa kanisani kwetu kabla ya lake. Anasema hivyo ndivyo inavyostahili, na anaomba tusiache.